Kidole cha Pili

Aliyenipa fidla ya kwanza ni Bwana Kayetano Rebelo,
Mgoa, fundi cherehani wa Ndia Kuu,
mwenye sugu nyeusi chini ya taya la kushoto.
"Nyinyi yenu i kwenye paji," akisema,
"yangu i hapa. Kila mtu na sijida yake."
Alinipima mkono kwa futi ya nguo:
robo tatu yakutosha, mwakani tutakupa nzima.

Jumapili alipiga kanisani. Jumatatu alinifunza mimi,
Mwanakombo binti Shee wa Kibokoni,
katika harufu ya chaki na marekani mpya.
Kidole cha pili huwa hapa. Au huwa hapa.
Katikati hapana kitu.

Kwetu, katikati palikuwa na kitu.
Baba alipiga fidla za harusi, bila karatasi,
na kidole chake cha pili kilikaa raha mustarehe
pale Bwana Kayetano aliposema hapakaliki,
na wanawake wazima, wenye wajukuu,
walinyanyuka vitini kwenda kumtuza.
Nikakua na masikio mawili,
kila moja na mwalimu wake, na hawasalimiani.

Kisha Nairobi. Miaka kumi na tisa ya okestra:
fidla za pili, safu ya nne, kiti cha ndani,
yule afunuaye karatasi
mwenzake akiendelea kupiga.
Sisi tulikuwa boriti za dari.
Boriti ikisikika, jua pana ubaya.

Siku moja, mazoezini, kondakta alishusha fimbo:
"Kuna mtu huko nyuma yuko chini. Chini kidogo."
Sote tukatazama viatu.
Ni mimi. Kidole kilikuwa kimekwenda kwa baba.
Arubaini yake ilikuwa haijatoka.

Niliporudi Mombasa tulikuwa wanne,
Tudor, ghorofa ya juu ya duka la dawa:
Harshad wa viola, ambaye mchana hung'oa watu meno,
Nthenya wa chelo, karani wa bandarini,
Kadzo na mimi, na feni moja ipeperushayo nota.
Hapakuwa na fimbo. Mmoja huvuta pumzi
na watatu huanza.
Tulinuniana mwezi mzima kwa sababu ya mizani mbili,
Harshad akitaka twende, Kadzo akitaka tungoje;
sikumbuki tena nani alishinda.
Nakumbuka joto la Februari lilipoachisha gundi,
shingo ya chelo ikafunguka kama mlango katikati ya kipande,
na Nthenya, mikono mitupu,
akaimba sehemu yake kwa tarakimu hadi mwisho.

Sasa ni Jumamosi, shule ya msingi, Kisauni.
Fidla tisa, watoto kumi na wanne.
Chumvi ya hewa hula nyuzi zangu bila kulipa.
Sandarusi imevunjika vipande, kila kimoja kina mdai.
Nasema maneno ya fundi cherehani:
hapa, au hapa.

Nyevu ana miaka minane na goti lenye kidonda.
Jana, hapo kwenye uzi wa pili,
kidole chake kilitua katikati, kikatulia.
Nikanyoosha mkono kumsogeza,
mkono ukasita hewani.
"Sauti hiyo umeisikia wapi?"
"Sijaisikia, mwalimu. Kidole kimechoka."

Nilicheka hadi nikatafuta kiti.
Kisha nikamsogeza juu, maana mtihani wao ni Novemba,
na mtahini hakumjua baba.

Walipokwisha kwenda, madawati yamerudi mahali pake,
nikaokota ile fidla ndogo, kama ya kuchezea,
nikakiweka changu pale pale
chake kilipochokea.
Bawabu mlangoni akatikisa funguo.
Nikamwambia: bado.
Bado kidogo.