Upande Mweupe

Nimechora ramani za jiji miaka kumi na tisa.
Kila nilipofika kijito cha Shilanga
kalamu ilisimama.
Ng'ambo niliacha karatasi nyeupe,
nikaandika kwa mshazari: Halmashauri ya Wilaya.
Basi. Kana kwamba mvua nayo husoma mabango.

Juni ile ya baridi kali
Wito Mwashiuya alikuja kutoka Mbalizi,
ramani yake ameichomeka ndani ya kipande cha bomba,
viatu vimeshika udongo mweusi wa mashamba ya viazi.
Akaikunjua mezani kwangu.
Milima ilikuwapo, na njia za ng'ombe, na kila kisima.
Ila pale nilipozaliwa mimi, pale penye soko, stendi na taa,
palikuwa peupe kama shuka la hospitali.
"Kwangu ninyi hampo," akasema.
Tukacheka. Kisha hatukucheka.

Meza ilikuwa ndogo. Tukazibandika dirishani,
yake juu ya yangu,
tukangoja jua la saa nne lizipenye.

Barabara yangu ya mita thelathini,
niliyoipandia miti huku na huku,
ilivuka kijito ikaingia makaburini kwake.
Viwanda vyake, zambarau iliyokolea,
viliketi juu ya chemchemi
ambayo mimi huku chini nimeipaka bluu:
maji ya kunywa, kata tatu.
Na dampo langu!
Nililisukuma hadi ukingoni
kama anayefagia taka kuelekea mlango wa jirani;
sasa niliona jirani ana shule,
madarasa saba, na choo, na mti wa kengele.

Chuoni walinifundisha: mpaka ni mahali kazi inapoishia.
Nyumbani kwetu mpaka ni neno la safari.
Kutoka hapa mpaka kwenu.
Kutoka kwenu mpaka kwetu.

Usidhani mambo yalikuwa mepesi.
Kikao cha kwanza kilivunjika kwa sababu ya nembo:
ya nani ikae kushoto juu ya barua.
Cha pili, nani alipe chai.
Cha tatu mvua ilikata barabara, na hakuna aliyekubali
kwamba kipande kilichokatika ni chake.
Cha nne tulimwita Bi Tumpe Nzunda,
ambaye jiko lake liko jijini na kitanda chake kiko wilayani;
anadaiwa kodi ya jengo huku, ushuru wa viazi kule,
na taka zake hazichukuliwi na yeyote.
Wakubwa walimweleza mashirikiano, dira, mpango wa pamoja.
Akasikiliza, kanga ameikaza kiunoni.
"Sawa," akasema. "Mkinihamisha, fidia analipa nani?"

Feni haikuwapo, lakini kila mtu alitazama juu.

Kikao cha tano ndipo tuliposaini.
Mita sitini kuzunguka chemchemi, hapajengwi kitu.
Zambarau ikashuka bondeni, karibu na reli;
wilaya ikalia mapato yake,
jiji likaahidi fungu kutoka bili za maji.
Fungu kiasi gani, hapo waliacha nukta nukta.
Barabara ikapinda, makaburi yakabaki na wenyewe.
Dampo bado linatafutiwa kwao.

Usiku ule nilibaki ofisini peke yangu, koti begani.
Nilichovya kalamu, nikafika Shilanga,
na mkono, kwa mazoea, ukasimama.
Nikausukuma.
Kwanza daraja. Kisha shule, madarasa saba.
Kisha nyumba ya Bi Tumpe, jiko na kitanda,
mara ya kwanza nzima
juu ya karatasi moja.

Mstari wa mpaka nimeuacha, mwembamba kama unywele.
Swali lake liko kwenye faili la kijani,
juu ya meza ya mtu aliye safarini.