Muuza Miaka

Kitambulisho changu kinasema nina miaka sabini na miwili.
Magoti yangu yanasema vingine.
Mama alinizaa msimu ambao nzige walikula mtama hadi mabua,
na Adiga, kifungua mimba wangu,
leo angekuwa na sitini na minne
kama surua ingemwacha.

Kijana wa mashine alikuwa na haraka.
Jua kali, foleni imefika shuleni.
"Mwaka, mama?" Nikamwambia: wa nzige.
Nzige hawamo kwenye mashine.
Akaandika alichokiona usoni,
na uso wangu, Mungu anisamehe,
ulichelewa kuzeeka.

Basi gari la benki likija hapa Vurra
wenzangu hujipanga na fimbo zao,
elfu ishirini na tano za kila mwezi, zimelimbikizwa,
wanabonyeza kidole gumba, wanahesabu mara mbili.
Mimi nipo pembeni, nawauzia njugu.

Ndipo akaja yule.
Shati jeupe, pikipiki ya kukodi,
kadi shingoni yenye picha ya mtu mnene kuliko yeye.
Alijua jina langu, Ayikoru.
Alijua hata la marehemu mume wangu,
akalitamka polepole, kama anayevua kofia.
"Mama, miaka yako iko ofisini kwetu.
Nakuongezea kumi. Elfu arobaini tu.
Kesho daftari linafungwa."
Kisha akashusha sauti:
"Usimwambie mwenyekiti. Unajua wivu wa watu."

Nakiri, nilipiga hesabu.
Nikamtazama mbuzi. Mbuzi akanitazama.
Tapeli hachimbi shimo, wanangu;
hulikuta limeshachimbwa na shida,
yeye huweka majani juu.

Lakini lile neno, usimwambie,
lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Serikali ninayoijua mimi haijawahi kunong'ona.
Ikija kuchanja kuku, hupaza sauti mpaka kanisani.
Ikiandikisha wapigakura, hubandika majina ukutani,
hata ya waliokufa.
Leo siri imeitoa wapi,
tena siri na mimi?

Nikamwambia, ngoja nikakope kwa Candiru.

Candiru aliposikia "kumi"
aliketi chini pale pale, bila kutafuta mkeka.
Alikuwa ameshanunua kumi zake mwezi wa pili
kwa bei ya godoro na majembe mawili.
Hakumwambia mtu. Alitii.
Miezi sita ameilea aibu peke yake,
akinipita kisimani na "habari za asubuhi,"
na mimi nikidhani ni meno yanamsumbua.

Tuliporudi uani wawili, kwa mwendo wetu,
mtu hayupo.
Vumbi la pikipiki, na juu ya kigoda
kalamu yake ya buluu.

Ninayo. Inaandika vizuri.
Nilikwenda nayo hadi ofisi ya parishi,
Candiru kanishika mkono, au mimi nilimshika,
tukasema yote mbele ya watu, kwa sauti,
na mzee Ondoma, aliyekuwa amekuja kwa mambo ya mpaka wa shamba,
akainamisha kichwa: "Mimi alinichukua namba ya siri ya simu."
Karani akatuandikia. Akasema pia:
kama kuna ada, hulipwa benki,
na risiti hutoka na jina lako.
Haipokewi mkononi, chini ya paa la jirani.

Fomu yangu imekwenda Arua. Sijui imefika.
Msinipigie vigelegele bado.

Siku ya malipo niko pale pale na sinia langu.
Njugu, mia tano kikombe.
Anayenunua namwambia, na asiyenunua namwambia:
hela iliyo yako haikuombi nauli.

Na akija mwingine mwenye mashine,
akiniuliza tena mwaka,
nitamwambia tena, nzige.
Kalamu hii hapa.
Andika.