Pete Nyekundu

Naiweka ndani ya debe la mchele wa Kyela.
Mchele huo haupikwi. Kazi yake kunywa unyevu,
maana Juni hapa Isyesye ukungu huingia ndani
kama shemeji, bila hodi,
na kuvu hupenda kioo cha bei kuliko cha bei chee.
Kwa hiyo lenzi yangu hunukia wali.
Bibi harusi mmoja aliniuliza, umetokea jikoni?

Niliinunua kwa viazi.
Misimu miwili ya viazi vya Igoma, lumbesa juu ya lumbesa,
na pikipiki ya marehemu baba mdogo,
ambayo shangazi bado huitaja kila tukikaa kikao cha ukoo.
Ilifika kutoka Dar imeviringishwa blanketi la mtoto,
nyeupe, nene kama mkono wa mpasua mbao,
na shingoni pete nyekundu, uzi tu,
lakini uzi ule mjini ulisomeka
kuliko cheti changu cha chuo.

Kamati ya harusi haikuuliza nimewahi kupiga nini.
Mweka hazina, Mama Atuganile, alishusha miwani:
"Ile nyeupe itakuja?"
"Itakuja."
Akaandika laki saba bila kuguna.

Jumapili tulipanda Loleza, sisi wa picha,
watu saba, mabegi saba yenye sponji.
Mji wote chini yetu, mabati yakimeta hadi Uyole,
wingu likivuka bonde polepole kama ng'ombe aliyeshiba,
na sisi tumeinama majanini
tukizipanga lenzi juu ya jiwe, kwa urefu,
tukizipiga picha.
Nani ana moja nukta nne, nani moja nukta mbili.
Asukenye akasema ya kwake hufuta usuli
hadi usuli unasahau jina lake.
Tulicheka, tukaihusudu.
Tukashuka na giza.
Hakuna aliyerudi na picha ya mlima.

Ikaanguka Tukuyu.
Ngazi za kanisa, mvua, mkanda uliochoka,
ngazi moja, mbili, tatu,
sauti ndogo kama kijiko sakafuni.
Fundi wa Mwanjelwa aliitikisa karibu na sikio
kama mtu achaguaye parachichi.
Kitu kikagonga ndani.
"Imeiva," akasema, akanirudishia.

Tangu siku ile nimepiga harusi kumi na nne
kwa lenzi ndogo ya plastiki, ya bei ya mbuzi,
nyeupe ikiwa begani, imekufa, imefutwa vumbi,
ikitangulia mlangoni, ikipishwa njia, ikiletewa soda.
Picha zilipendwa. Mama Atuganile alizipekua zote
akilowesha kidole:
"Umeona? Mashine ni mashine."
Nikaitikia.
Ningesema nini, na bahasha iko mkononi mwake?

Usiku mwingine nafungua debe,
naipangusa mchele, nachungulia kwa nyuma.
Taa ya jirani inakuwa mbili,
moja imesimama, moja inateleza kuelekea Mporoto.
Ni nzuri. Sijawahi kuipiga.

Jana jioni akaja Lugano.
Ndiye aliyekuwa nyuma yangu pale ngazini,
ndiye aliyeokota mfuniko matopeni.
Akasugua mikono kwa baridi, akanywa chai yote,
akasifu birika, akasifu hata paka,
ndipo akasema ana harusi Makambako, Jumamosi,
watu mia sita, kamati ya wenye malori.
"Niazime nyeupe."
Nikaanza: unajua, Lugano, ile ni—
"Najua. Si nilikuwepo?
Sitaki ya kupigia.
Nataka ya kuning'inia."

Paka akashuka dirishani.
Nikamwambia elfu arobaini kwa siku,
na mchele aurudishe wote.