Sumaku

Otiato alikuja na sumaku kaivisha kitambaa
asije akaikwaruza rangi.
"Jicho hudanganywa," alisema. "Chuma hakidanganyiki."
Tulikuwa Woodley, Jumamosi, saa tatu,
nyuma ya nyumba ya Bi Nyaboke,
na turubai lilipovutwa
vumbi likapanda, likakaa juani kama limealikwa.

Shevrole ya mwaka sitini na sita.
Pikapu ya Marekani, kijani cha parachichi bichi,
grili meno ya farasi anayecheka,
usukani kushoto, na nyuma, kwa rangi nyeupe,
onyo la sheria kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka.
Inahesabu maili. Kwenye kidroo,
risiti za petroli zimefungwa kwa mpira,
za enzi shilingi ilipokuwa shilingi.

Mimi kazi yangu ni viti.
Kirinyaga Road, kibanda cha tatu toka kona.
Aliniita nishone hiki, mshono mmoja tu ulifumuka,
nikakuta sponji hai, springi zote zinaitika,
nikarudi nyumbani nisilale.
Wiki ile sindano ilinichoma mara mbili.
Nilikuwa na pesa za ploti ya Joska.
Tulikuwa tunaziita hivyo, mimi na Kizito,
hata tukinong'ona: pesa za ploti ya Joska.

Otiato akaanza mlangoni. Ta.
Boneti, ta. Paa, ta.
Akalala chini, akapapasa fremu,
akainuka na nyasi mgongoni
na uso wa mtu aliyekosa la kukosoa,
jambo linalomkera kuliko kutu.
Bodi ya nyuma, ubavu wa kulia: ta, ta,
kisha kimya.
Sumaku iliteleza, ikaanguka.
Akairudisha. Ikaanguka.
"Puti," akaninong'oneza kama daktari.
"Upana wa sahani. Sasa tunaweza kuongea bei."

"Hapo ni mimi," Bi Nyaboke akasema toka kizingitini.
"Mwaka themanini na tatu. Mzee alikuwa zamu ya usiku, Reli.
Nikachukua ufunguo niifundishe miguu yangu.
Ile nguzo ya lango haikusogea.
Asubuhi aliiona. Hakuniuliza kitu. Akanywa chai.
Jumapili nikamkuta amechuchumaa,
anapiga msasa, anapuliza, anapiga msasa,
hadi giza.
Na wakati wa kula, kando ya sahani yangu,
ufunguo."

Otiato akakohoa. "Lakini mama, sokoni, kasoro ni kasoro."
"Laki nane," akasema.
"Ulituambia laki saba u nusu!"
"Hiyo ilikuwa kabla hamjapaona."

Kizuri hakikosi ila, ndiyo,
lakini sijawahi kusikia ila ikiongezewa bei.
Nikalipa. Otiato akaangalia mawingu.
Bi Nyaboke akanipa kitabu cha gari katika bahasha ya kaki,
jina moja tu ndani, wino umekuwa kahawia,
akasukuma lango mwenyewe,
na nilipoipita ile nguzo
sote watatu tulibana pumzi.

Ngong Road ilinitazama.
Bawabu mmoja alipiga saluti, sijui kwa nani.
Injini inaunguruma polepole, haifoki,
kama mtu aliyekwisha kushinda mabishano yake yote,
na mshale wa petroli ukishuka, maskini, naona kwa macho.

Umoja, jioni. Kizito alitoka na ndara.
Aliizunguka mara moja. Alisoma lile onyo la nyuma.
Mkono wake ukapita ubavuni, ukafika pale,
ukapapita, kwani mkono si sumaku.
Akanitazama kupitia kioo.
Hakuniuliza kitu.
Akaingia ndani, nikasikia bomba, kisha sufuria.

Nami nikabaki kwenye kiti nilichokishona,
chuma kikipoa, tik, tik,
nikihesabu
atatoa vikombe vingapi.