Unaziba Picha

Walipomhamisha Bi Graciete
waliuziba mlango kwa matofali,
na madirisha mawili,
na kitundu alichopitia paka.
Miaka arobaini na mitatu ya kodi
ikaishia kwenye karatasi moja yenye muhuri.

Usiku Telmo akaja na ngazi ya kuazima
na makopo manne ya rangi ya kupuliza.
Pale palipokuwa mlango akamchora mwenyewe:
kandambili za bluu, aproni yenye doa la mafuta,
mfuko wa vitunguu,
na ufunguo mrefu kama mkono wa mtoto
ameuelekeza kwenye tofali lisilo na tundu.
Chini hakuandika kitu.

Manispaa ikatishia chokaa. Haikupaka,
maana wageni walianza kumiminika Mouraria,
kwanza wawili wawili, kisha makundi
nyuma ya mwavuli wa manjano.
Ng'ambo ya njia ukafunguliwa mkahawa,
kikombe kwa bei ya chakula cha mchana.
Na kampuni ile ile iliyomtoa
ikaupiga ukuta picha, ikatangaza vyumba:
"Ishi katika mtaa wenye roho."
Roho ilikuwa Rinchoa,
ghorofa ya sita, lifti mbovu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema kwetu.
Lisbon mgeni alikuja.
Mwenyeji tulimkuta ukutani.

Jumamosi moja akashuka treni
amevaa viatu vyeusi vya kanisani.
Hakuitwa na mtu; alijiona
kwenye kalenda ya duka la dawa,
mwezi wa Machi.
Akasimama mbele yake mwenyewe, akakagua:
pua, sawa. Vitunguu, sawa.
Kandambili, hapana, zile zilikuwa nyekundu.
Akanyoosha kidole aguse ufunguo.

"Samahani, mama," kijana mmoja akasema,
kwa adabu, sitamsingizia,
"sogea kidogo. Unaziba picha."

Akasogea.
Hakuuliza kwa nini. Ilikuwa mara ya pili
kusogezwa kwenye mlango ule ule.

Nami nilikuwa nyuma ya kijana,
simu juu, nikingoja zamu.
Niliyemjua ni wa rangi;
huyu wa pili nilisimuliwa baadaye, na mwenye mkahawa,
akifuta meza.

Picha ninayo bado.
Imetoka vizuri, mwanga mzuri, hakuna mtu.
Ila pembeni, chini kabisa,
ncha ya kiatu cheusi
inaondoka.