Gurudumu Lilale

Miaka kumi na tisa nimevuta semi,
Dar hadi Tunduma, Tunduma hadi Dar.
Kitonga nimeipanda na saruji tani thelathini,
nikaishuka kwa gia, breki zikinuka.
Kisha Brandon, Manitoba, ndani ya kigari cheupe
chenye kiti kinachojipasha moto chenyewe,
Bibi Kowalchuk akaniangusha mtihani.

"Hukusimama."
Nimesimama, nikasema.
"Ulipunguza. Gurudumu lilikuwa bado linatembea."

Nikageuka kuitazama ile njia panda:
barabara mbili za changarawe,
nguzo nne, vibao vinne vyekundu,
na mabua ya ngano hadi mbingu inapogusa chini.
Hata mbwa. Hata kunguru.
Mama, hapakuwa na mtu!
Akaandika, uso hakuuinua:
"Huyo asiyekuwepo ndiye atakayekugonga."

Nilitaka kucheka.
Nilitaka kumsimulia Kitonga.
Nikanyamaza; ada ilishakwenda.

Leseni niliipata mara ya tatu, baridi ikanikuta nayo.
Hamsini ni mwendo wa kibao,
kibao hakijui usiku kumeganda nini.
Unaanza kusimama mita mia kabla,
polepole, kidole kwa kidole,
kama unayembembeleza mtoto aachie kisu.

Na tukifika wanne kwa pamoja, ni msiba wa adabu:
huyu anapunga, pita wewe,
yule anapunga, aa, wewe,
vioo vinafanya ukungu kwa heshima.
Wa kulia ndiye mwenye zamu,
lakini wa kulia anapekua mkoba.

Nyuma yangu Atupele, mkanda kifuani,
ndiye mhesabu wangu. Moja. Mbili. Tatu, baba, nenda.
Siku akichelewa shule huanzia mbili.

Jumanne, giza la saa moja asubuhi,
changarawe ile ile, vibao vile vile
vimevaa theluji kama kofia za bakuli.
Nikasimama. Gurudumu likalala.
Moja, akasema.
Mbili,
na lori la nafaka likapita mbele ya pua yetu,
taa hazikuwaka, breki hazikuguswa,
theluji yake ikatumwagikia kiooni
hata dunia yote ikawa nyeupe.

Vifagio vya kioo vikaenda, vikarudi.
Ngano hakuna. Kunguru hakuna.
Tatu aliisema baadaye sana,
kwa sauti ndogo,
nami nikamwomba aanze tena, moja.