Mzigo na Risiti Yake

Mama alipotuma simsim Eldoret kwa basi
aliandika jina la dada yangu mara tatu:
juu ya gunia, ubavuni,
na kwenye kikaratasi alichokizika ndani kabisa,
"mvua ikifuta wino, kuwe na pa kuulizia."
Kisha akakaa, simu mapajani,
akimsumbua kondakta kila kilima:
Umefika wapi? Umeulalia kitu kizito?

Nimeyakumbuka haya saa nane usiku,
maabara, ghorofa ya pili, barabara ya Busia,
jicho la kulia limeganda kwenye hadubini,
taa zimezimwa, dirisha limezibwa kwa gazeti
maana usubi wa ziwani haukosi upenyo,
huja kufia kwenye sahani zetu.

Sahanini mna seli za mtu. Hazina jina, zina namba.
Jana jioni nilizinyunyizia punje
ambazo unywele wa kichanga, kando yao, ni shina la mvule.
Kila punje imebeba uzi mfupi wa vinasaba,
maagizo ya kusahihisha herufi moja.

Herufi moja.
Ndiyo iliyomkunja Ogweno.

Sitasema mengi juu ya Ogweno.
Selimundu: neno lenyewe limejinoa,
mundu usiojua nyasi wala mavuno,
unaofyeka magoti kwa ndani asubuhi za baridi.
Aliniuliza kama damu ya wenzake ni duara kweli
au tunamdanganya.
Nikamchorea. Akaitazama, akasema,
"Kifungo cha shati."
Kisha, "Changu kimevunjika?"
Angetimiza kumi na mbili Agosti.

"Washa buluu," akasema Daktari Mmbone.

Nikawasha. Zikaitika kwa kijani,
hapa moja, pale kundi, pale
vumbi la kijani lisilotaka kutulia.
Wageni wa mradi hupenda kusema: kama taa za omena!
Mimi nakataa. Taa za omena humwita samaki afe.
Hizi hazimwiti mtu.
Zinasema tu, nipo hapa. Sasa nipo hapa.
Punje ni mzigo, mng'ao ni risiti.

Nikahesabu. Mia nne na kumi na mbili zimeingia.
"Zimeingia," akasema Mmbone, "lakini zimewekwa sebuleni."
Kweli. Seli huzimeza na kuzifunga vifukoni,
kama mtu aliyepokea barua
akaisukuma chini ya godoro bila kuifungua.
Kufika si kusomwa.

Tatu ziliponyoka. Tatu!
Mbili zikasimama kwenye ukuta wa kiini.
Ya tatu nilikuwa nikiitazama,
na nilipopepesa haikuwa nje tena.

Nilitaka kuendelea kutazama.
Lakini mwanga huu una deni lake:
unazionyesha na unazichosha,
kadiri unavyokodoa ndivyo zinavyofifia,
hadi ubaki na mzigo usio na risiti
na jicho linalojisingizia kuona.

Milima ya Nandi, mtandao ulikatika.
Mama aliita mara mbili, ya tatu akaacha.
Akaiweka simu kifudifudi mezani
akaenda kuchambua mboga.

Nikazima buluu.
Gizani, kwenye sahani namba kumi na saba,
kuna kitu kinasomwa, au hakisomwi.
Mmbone alikuwa anatafuta kifuniko cha kalamu.
Nikamsaidia kutafuta.